Kutoka Mikelenge mpaka Ujiji, na kurudi

Wamama wapenzi, tangu nirudi mnanisimamisha njiani, mbele ya soko, mlangoni pa shule, hata tukitoka kusali, na swali ni lile lile: "Madamu, Tanzania ni namna gani?" Wengine mnauliza kwa mapenzi. Wengine (nawajua) mnauliza kwa sababu zamu yangu ya likelemba niliila barabarani badala ya kununua mabati kama nilivyokuwa nimetangaza. Mabati yatakuja. Leo ninalipa deni la habari.

Kwanza niseme kwa nini niliondoka. Koko yangu, yule aliyemzaa mama, alikuwa na habari moja aliyotueleza kila tulipochelewa kurudi kutoka sokoni. Zamani, wakati wa matambatamba, mwanamke mmoja wa ukoo wetu alijitwika kikapu akaenda soko la Nyangwe, na hakurudi. Koko hakujua jina lake. Alijua tu kwamba kikapuni mlikuwa na vyungu viwili vya kuuza. Sisi watoto tulifikiri ni hadithi ya kututisha ili tusichezee njiani. Nilikuwa mtu mzima tayari, nimekaa kwenye benchi la ISP hapa Kindu, siku mwalimu wa historia alipoandika ubaoni: 15 Julai 1871. Nyangwe. Nikaacha kuandika.

Kwa wale wasiojua, siku ile watu kama 1,500 walikuwa wamekusanyika sokoni Nyangwe, kando ya mto wetu huu huu. Wengi wao walikuwa wanawake, maana soko lilikuwa kazi ya wanawake kama lilivyo leo. Watu wa wafanyabiashara waliotoka pwani wakaingia sokoni na bunduki. Ubishi ulianza juu ya bei ya kuku. Kisha bunduki zikalia, na watu wakakimbilia mitumbwi, na mitumbwi ikabanana, na wengi wakajitupa majini. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Tunalijua hili kwa sababu Mskoti mmoja, David Livingstone, alikuwepo akaona. Karatasi zilikuwa zimemwishia, basi akaandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa matunda ya porini. Akaondoka Nyangwe na uchungu, akarudi Ujiji mwezi wa kumi, na muda mfupi baadaye Stanley akamkuta pale. Ulimwengu mzima unakumbuka salamu ya wale wazungu wawili. Mimi nilitaka kufika pale waliposalimiana, nione kama kuna mtu anayekumbuka soko.

Tena nina mama mdogo aliyeolewa Kigoma, anauza vikwembe. Kila mwaka ananiambia njoo. Vakansi kubwa ilipofika, nikachukua paspoti, karti ya chanjo ya homa ya manjano, kikapu cha chakula, nikaenda garini.

Treni yetu mnaijua, sitasema mengi. Reli ya Kindu mpaka Kongolo ilifunguliwa mwaka 1911, kilomita 355, ili kuyazunguka yale maporomoko ambayo Wabelgiji waliyaita Mlango wa Jehanamu. Mwaka 1915 ile ya Kabalo ikafika Kalemie. Ni reli ya babu zetu na inakwenda kama babu. Lakini ndani yake mtu anaoa, anazaa, anauza, anapatana na adui yake. Mama mmoja aliyepandia Kibombo alinifundisha namna ya kulala juu ya magunia bila kuumia mgongo: unalala ubavu, goti moja mbele, na kikapu chako kiwe mto, hapo mwizi hawezi kukigusa bila kukuamsha. Nilitumia elimu hiyo safari nzima.

Njiani, sitasema upande gani wa mpaka, karani mmoja aligeuza karatasi zangu mara nne akitafuta kosa. Hakulipata. Akaniambia kwa sauti ya chini nimwachie chochote cha kunywa. Nikamwambia mimi ni mwalimu, na nikafungua daftari nimwombe jina lake niandike risiti. Muhuri ukaanguka mara moja. Wamama mnaosafiri na bidhaa, jaribuni daftari.

Kalemie niliona ziwa kwa mara ya kwanza. Mimi ni mtu wa mto. Mto una ng'ambo: ukisimama Mikelenge unaona Alunguli, unaona hata nani anafua. Tanganyika haina adabu hiyo. Unatazama, na ng'ambo hakuna. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 670 na kina chake karibu mita 1,470, na duniani ni Baikal ya Urusi tu inayolizidi kwa kina. Tulivuka usiku katika bato la mizigo. Usiku wa manane upepo uliamka, na watu waliokuwa wakibishana juu ya siasa wakaanza kuomba, Waislamu na Wakatoliki na Wakimbangu pamoja, kila mtu kwa sauti yake. Asubuhi bahari ile ilikuwa tulivu kama maji ndani ya beseni, na wote wakarudi kwenye siasa.

Kigoma ni mji juu ya vilima, wenye stesheni kubwa ya Wajerumani chini karibu na bandari. Reli yao ilifika hapo mwaka 1914. Saa yangu ilikuwa nyuma kwa saa moja, na Kiswahili changu nyuma zaidi ya hapo. Siku ya kwanza, baada ya kula kwa jirani wa mama mdogo, nilisimama nisaidie kama mtoto aliyelelewa. Nikasema, "Ngojeni nitoshe vyombo." Kimya. Kisha kicheko, mpaka mzee wa nyumba akafuta machozi. Kwao kutosha ni kuwa na kiasi cha kutimiza haja. Wakaniuliza, "Mwalimu, utawatosha vipi vyombo? Wako wangapi?" Tangu siku ile watoto wa mtaa wakawa wananiita Madamu Natosha.

Sokoni ilikuwa hivyo hivyo. Sombe wanaita kisamvu, lengalenga ni mchicha, na nikiuliza tomati wananionyesha nyanya. Lakini nilipofika kwenye mafuta mekundu, mama akasema "mawese", nikataka kumkumbatia. Kigoma wanakamua mawese kama sisi, yenye rangi ile ile na harufu ile ile inayobaki kwenye nguo. Samaki wanaoitwa Kalemie mikebuka, huku ni migebuka. Herufi moja tu imezama ziwani.

Jambo moja lilinichoma. Kila nilipofungua mdomo, watu waliniuliza kwa huruma, "Unatoka Nyarugusu?" Nyarugusu ni kambi ya wakimbizi iliyo katika mkoa wao, na Wakongomani wamekuwa wakiishi humo tangu 1996. Walikuwa wema, hawakunitukana. Lakini hawakufikiri kwamba Mkongomani anaweza kuja kutembea tu, kuangalia, kama wazungu wanavyokuja kuangalia. Mara ya kwanza nilieleza kwa urefu. Mara ya tano nilisema tu, "Hapana mama, ninatoka nyumbani."

Mama mdogo ana rafiki anayefundisha katika shule ya msingi nje ya mji, na kwa kuwa Julai wao wanasoma, nilipewa ruhusa kukaa nyuma ya darasa la tano nusu siku. Darasa langu pia ni mwaka wa tano, basi nilitazama kwa jicho la wivu. Wamejaa kama sisi, wengine watatu kwenye dawati moja, chaki zinahesabiwa kama kwetu. Lakini somo lilikuwa sayansi, na mwalimu aliandika ubaoni neno ambalo sikuwahi kuliona maishani mwangu: usanisinuru. Ni ile kazi ya jani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mimi neno hilo nimelibeba kwa Kifaransa tangu shule, na kila mwaka nalifundisha kwa Kifaransa, kisha nalitafsiri kwa mikono, kwa kuchora jua na jani na mishale. Hapa mtoto wa miaka kumi na moja, miguu bila viatu, alisimama akalieleza kwa lugha ile ile anayotumia kumwomba mama yake chumvi. Akaongeza kutoka kichwani mwake kwamba ndiyo maana mahindi yaliyopandwa chini ya mwembe hayazai. Hilo halikuwa kitabuni. Aliliona shambani kwao, na alikuwa na maneno ya kulisema.

Nisiwadanganye lakini. Wakati wa chai walimu waliniambia kwamba mtoto huyo akiingia kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza, na mdomo unafungwa. Wanaokuwa wepesi mwaka wa saba wanakaa kimya mwaka unaofuata. Tulitazamana tukacheka kicheko cha walimu, kisicho cha furaha. Sisi tunawafunga midomo mapema, wao baadaye kidogo.

Sasa Ujiji. Ni mwendo mfupi tu kutoka Kigoma, unapanda gari dogo lililojaa. Ni mji mkongwe wa miembe na nyumba za udongo, na mahali penyewe ni bustani tulivu yenye mnara wa mawe. Mwembe wa wakati ule ulikufa, iliyopo ni watoto wake. Ziwa nalo limerudi nyuma. Zamani lilikuwa karibu, leo unalitafuta kwa macho. Ndani ya makumbusho kuna sanamu mbili za wale wazungu wanavua kofia kusalimiana, wakubwa kama watu kamili, na ukiingia ghafla unashtuka. Kulikuwa na kundi la wanafunzi wenye sare, wanapiga kelele na kucheka sanamu, kama wangu wangefanya.

Kijana anayeongoza wageni alieleza vizuri, kwa tarehe na majina. Alipotaja kwamba Livingstone alikuwa ametoka Nyangwe, nilijikuta nimenyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikasema mimi ninatoka upande huo. Akanyamaza, akaniambia, "Basi mama, endelea wewe." Sikuwa nimejitayarisha. Nikawaeleza wale watoto habari ya soko, na kuku, na mitumbwi, na kikapu cha vyungu viwili. Hawakucheka tena. Msichana mmoja mrefu, kitambaa kichwani, akauliza, "Madam, majina yao yameandikwa wapi?"

Nikamjibu hayakuandikwa. Akaandika jibu hilo kwenye daftari lake. Nilimwona akiliandika.

Nilitoka nje nikakaa chini ya mwembe mpaka yule kijana akaniletea maji. Akasema katika mtaa wa pili kuna familia anayoijua, nikazungumze nao. Tukaenda. Baba mwenye nyumba alikuwa anatengeneza baisikeli barazani, akaniambia, "Karibu, ingia ukamsalimie bibi." Wamama, mnajua kwetu bibi ni nani: ni mke wa mtu. Nikaingia nikitafuta mwanamke wa umri wangu, na nikawa nimeshatoa salamu, "Jambo shemeji!", kabla macho hayajazoea giza. Mbele yangu alikaa mwanamke wa miaka themanini au zaidi, kanga mbili, ungo wa mchele mapajani. Kwao bibi ni koko. Alicheka mpaka mchele ukamwagika. Nikapiga magoti nikauokota, na nikasema "Shikamoo" kama mama mdogo alivyonifundisha. Akajibu "Marahaba," akauliza ninatoka wapi.

"Kindu, bibi. Maniema."

Akaweka ungo chini. "Maniema," akasema polepole. "Sisi ndio Wamanyema."

Nilikuwa nimesoma kwamba wapo. Wamanyema wapo Ujiji, wapo Tabora, wapo mpaka Bagamoyo na Dar es Salaam, watoto wa watu waliotembea kutoka kwetu wakiwa na pembe za ndovu kichwani, au kamba shingoni, au vyote viwili. Lakini kusoma ni kitu kimoja. Bibi huyu alinishika mkono akautazama, mbele na nyuma, kama mtu anayekagua kitambaa. Alisema bibi wa baba yake aliletwa akiwa msichana. Nilitega sikio: hakusema mtumwa hata mara moja. Alisema "aliletwa". Kila mara, aliletwa. Nami sikumsaidia kwa neno lingine.

"Walitoka Kabambare," akasema. "Jina hilo baba alitukabidhi tusilipoteze. Kabambare. Unapajua?"

Nikasema napajua, ni teritwari yetu, lakini sijafika. Akauliza huko kuna milima au tambarare. Akauliza wanakula nini. Nikataja sombe kwa mawese, akapiga makofi. Akauliza kama soko la Nyangwe bado lipo. Nikamwambia Nyangwe leo ni kijiji. Alitikisa kichwa muda mrefu. Jioni alinipa chai ya tangawizi na akanikataza kuondoka mpaka nimle mchele wake ule uliomwagika.

Kutoka Kigoma nilipanda treni kwenda mashariki. Reli ile mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na kila stesheni ina kitu chake: Uvinza chumvi, Tabora asali, usiku wa manane watu wanakimbia na taa madirishani. Tabora nilishuka siku moja. Wanafunzi wangu wanaijua kwa sababu askari wa Kongo waliingia humo Septemba 1916, vita vya kwanza vya dunia, chini ya Wabelgiji. Vitabuni ni ushindi. Nikitembea chini ya miembe yake niliwaza zaidi wapagazi waliowabebea wale askari risasi na unga, ambao nao hawamo ubaoni.

Kutoka Dodoma nilipanda ile treni mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Saa nne hivi upo Dar. Viti ni laini, hakuna magunia, hakuna anayeuza yai la kuchemsha, na hakuna anayekusalimia. Nilikuwa na njaa na upweke kwa mwendo wa kasi sana.

Katika mji mmoja mkubwa niliibiwa simu kituoni. Sitaki kurefusha. Nililia kidogo, si kwa ajili ya simu bali picha za Ujiji. Mama lishe aliyekuwa anauza ugali na maharage pembeni alifunga sufuria yake, akanipa simu yake nimpigie mama mdogo, akakataa pesa ya chakula.

Dar es Salaam ni kelele. Nilikwenda Kariakoo kwa ajili ya biashara zenu, nikauliza bei za vikwembe kama mlivyonituma, orodha nimempa katibu wa chama, muoneni. Kwa kifupi, bei ni nzuri lakini ushuru na mabato vinaila faida ya anayenunua peke yake. Inafaa tuagize kumi pamoja. Jina lenyewe la Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika vita ile ile ya 1914 mpaka 1918. Na katikati ya maduka kuna Msikiti wa Manyema. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikalisoma jina la mkoa wetu ukutani, watu wakinigonga na mizigo.

Unguja nilikaa siku mbili tu, pesa ilikuwa inaimba wimbo wa mwisho. Nilikwenda Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa. Sultani alilifunga mwaka 1873, miaka miwili tu baada ya Nyangwe, na Waanglikana wakajenga kanisa juu yake. Nje ya kanisa kuna shimo, na ndani ya shimo watu watano wa mawe, wanawake na wanaume, wamefungwa mnyororo shingoni. Aliwachonga msanii wa Sweden mwaka 1998. Wamesimama chini ya usawa wa ardhi, hivyo wewe unawatazama kutoka juu, na hilo ndilo linaloumiza: unajikuta umesimama pale mnunuzi aliposimama. Mmoja wa wale wanawake anatazama mbali, kama mtu anayewaza ameacha nini jikoni. Nilimtazama yeye tu. Hana jina, nami nina hadithi iliyokosa jina.

Shangani, dakika chache kwa miguu, ipo nyumba ya Tippu Tip, Hamad bin Muhammad, yule aliyekuwa bwana wa Kasongo. Alirudi Unguja akafa kitandani mwake mwaka 1905, na aliacha habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili kizuri sana. Mlango wa nyumba umechongwa. Niligusa mbao, nikaondoa mkono.

Hapa nisieleweke vibaya, maana nina dada na majirani Waislamu wa Kasongo katika chama hiki na tumezikana sote. Bunduki haikuwa ya dini moja. Wabelgiji walipowashinda wale mabwana wa pwani na kuingia Nyangwe na Kasongo mwaka 1893, mizigo iliendelea kubebwa na vichwa vile vile, kisha ikaja habari ya mpira. Na kuna jambo lingine ambalo sijalimaliza kichwani mwangu. Kiswahili hiki ninachowaandikia, ambacho mtoto wa Kigoma alinielezea nacho jani na jua, kilikuja kwetu kwa njia ile ile, kwa misafara ile ile. Koko yangu alituelezea habari ya kikapu kwa Kiswahili. Hakuwa na lugha nyingine ya kutufikishia sisi wajukuu.

Nikaanza kurudi. Na ndani ya treni, usiku wa pili, nilifungua ile ramani ninayoifundishia, na kitu kikanigonga ambacho ningepaswa kukiona siku ile ile kwa bibi. Kabambare ipo juu ya njia ya misafara, kati ya Nyangwe na ziwa. Livingstone mwenyewe alilala huko miezi mingi, miguu imeoza kwa vidonda. Misafara ilipumzika pale, ikasubiri, ikahesabu watu. Mtoto aliyeletwa kutoka mbali, asiyejua njia, jina kubwa analoweza kulikumbuka ni la mahali alipokaa siku nyingi, watu wakilitaja kila siku. Huenda bibi yule hakutoka Kabambare. Huenda alipita tu.

Sikulala. Nilifikiri nisimwambie. Familia ile imelibeba neno moja kwa zaidi ya miaka mia moja, na mimi nije na ramani ya shule nilitoboe? Lakini nilikumbuka yule msichana na daftari lake. Nikashuka Kigoma, nikanunua kanga, nikaenda Ujiji.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwonyesha njia kwa kidole juu ya ramani, ingawa macho yake hayaoni maandishi madogo. Akanyamaza. Nikadhani nimemuua. Kisha akasema, "Kwa hiyo kabla ya hapo kulikuwa na kwingine."

"Ndiyo, bibi."

"Wewe utafika huko Kabambare?"

Nikasema njia si nzuri sasa, usalama nao unakuja na kuondoka, lakini watu wa huko wanakuja Kindu kila wakati. Akafikiri. Akasema baba yake aliwaachia kitu kingine pia, ambacho hawakukiona kuwa na maana: yule bibi aliyeletwa alikuwa anaogopa sana kelele ya maporomoko, hata mvua kubwa ikigonga mabati alikuwa anaingia uvunguni. Na alikuwa anafinyanga vyungu vya mdomo mpana vyenye alama tatu za kucha shingoni. Alama tatu, si mbili. Watoto walipofinyanga vyungu vyenye alama mbili, aliwapiga.

Vyungu, wamama. Mikono yangu ilikufa ganzi. Sisemi kitu. Maniema nzima ilikuwa inafinyanga vyungu.

Lakini nimeahidi kuuliza, basi nauliza hapa. Aliye na mzee kutoka Kibombo, Kasongo, Kabambare au kando ya mto kokote anayejua ni watu gani waliokuwa wanatia alama tatu za kucha kwenye shingo ya chungu cha mdomo mpana, amuulize juma hili, wazee hawatungoji. Mwenye kipande cha chungu nyumbani akilete Jumamosi mkutanoni, nitakichora na kukirudisha. Mnanijua ninapokaa, ni ile nyumba isiyo na mabati mapya.